Seva mbili za mtumba na HAProxy badala ya lodi balansa ya leseni, baada ya msimu mmoja wa Disemba

Kazini kwetu tunauza tiketi za mabasi ya mikoani, Dar kwenda Moshi, Mbeya, Bukoba na kwingineko, na mwaka mzima trafiki inakuwa ya kawaida tu mpaka Disemba ikaribie, hapo sasa kila mtu anataka kwenda nyumbani wiki ileile, na saa moja jioni watu wametoka kazini wameshika simu wanatafuta siti ya mwisho. Mbele ya seva zetu nne za programu kulikuwa na lodi balansa moja ya kisanduku (kifaa kinachogawa maombi ya wateja kati ya seva), ya kampuni ya nje ambayo jina naliacha, ilikuwepo tangu kabla sijaajiriwa, na ndo iliyokuwa inafungua usimbaji wote wa HTTPS ili seva za nyuma zisihangaike nao. Nimeibadilisha. Hii ni tathmini ya nilichoweka badala yake, yaani HAProxy, programu ya kugawa trafiki inayokaa kwenye seva ya kawaida, na hela ilikuwa ya ofisi, hakuna aliyenipa kitu cha bure.

Kilichoniamsha ni cheti. Tulitaka kuhama kutoka cheti cha RSA kwenda ECDSA (aina mbili za saini za cheti cha HTTPS) kwa sababu kila mtu anajua ECDSA ni nyepesi kwa seva, basi nikakiweka usiku, asubuhi nikakuta kisanduku prosesa yake imegonga asilimia 100 na ukurasa unafunguka kwa kujivuta wakati wateja wenyewe wachache. Nikahangaika karibu nusu siku. Kumbe ile kadi ya usimbaji iliyomo ndani, ambayo ndo sababu ya kisanduku kuwa ghali vile, ilitengenezwa kuharakisha RSA peke yake, ECDSA haiijui kabisa, kwahiyo kazi yote ilikuwa inaangukia kwenye prosesa kuu ambayo ni dhaifu na ya zamani. Yaani cheti chepesi kikawa kizito. Nikarudisha RSA, mambo yakatulia, lakini kuanzia siku ile nilijua kisanduku kimefika mwisho. Wakala alipoulizwa akasema sapoti ya modeli hiyo imeshakwisha, TLS 1.3 (toleo jipya la itifaki iliyo ndani ya HTTPS) haitakuja, tununue modeli mpya, na kwenye bei aliyotuma kifaa chenyewe hakikuwa kitu kikubwa, kikubwa kilikuwa leseni ya kila mwaka na kipengele cha salamu ngapi za TLS kwa sekunde unaruhusiwa. Ukitaka mara mbili unalipa zaidi, wakati chuma ni kilekile.

Hapa pa salamu nikae kidogo maana ndo moyo wa jambo lenyewe na wengi wanapachanganya. HTTPS ina sehemu mbili. Kuna salamu ya mwanzo, simu na seva wanajuana, seva inathibitisha cheti chake kwa kutia saini, wanakubaliana ufunguo. Halafu kuna mazungumzo yenyewe, data inasimbwa na kwenda. Salamu ndo inakula prosesa, hasa saini ya RSA. Mazungumzo siku hizi ni karibu bure, kwa sababu tangu 2010 Intel waliweka maelekezo ya AES (njia ya kusimba data) ndani ya prosesa zao na sasa hivi seva yoyote utakayookota ina hicho kitu. Zamani kweli kadi maalum zilikuwa na maana, prosesa zilikuwa dhaifu na mtu alikuwa analazimika kununua kadi ya Cavium au mfano wake. Lakini hata wakati ule mambo yalishaanza kugeuka: Gmail ilipowekwa HTTPS kwa kila mtu Januari 2010, Google hawakuongeza mashine wala hawakununua kifaa maalum, na mhandisi wao Adam Langley aliandika mwaka huohuo kwamba TLS inakula chini ya asilimia 1 ya prosesa kwenye mashine zao za mbele. 2010 hiyo, na sisi tulikuwa bado tunalipia kadi.

Nilitaka nione kwa macho yangu kabla sijaenda kuomba hela. Nikachukua seva moja ya majaribio yenye Xeon Silver 4114 nikapiga amri ya openssl speed, inayopima kasi ya usimbaji. Kwa kiini (core) kimoja tu, RSA 2048 ilitoa saini elfu moja na mamia kadhaa kwa sekunde, na ECDSA P-256 ikavuka elfu ishirini. Prosesa hiyo ina viini 10. Kusimba data kwa AES-GCM, kiini kimoja kikavuka gigabaiti 2 kwa sekunde, wakati laini yetu nzima ya intaneti haifiki hata robo ya hapo. (Ukijaribu mwenyewe kumbuka kuweka -evp kwenye kipimo cha AES, bila hiyo matoleo ya zamani yanapima bila kutumia maelekezo ya prosesa na utaona namba za kukatisha tamaa bure.) Namba hizo nikaziweka kwenye karatasi nikaipeleka kwa bosi, maneno mengi sikuwa nayo.

Kabla ya kuamua niliangalia vingine, na sitaki mtu afikiri navidharau. F5 na NetScaler, lodi balansa za leseni, ni vyombo vizito, vina fayawoli ya programu ndani, vinagawa trafiki kati ya miji, na benki zina sababu zao za kuvinunua. Ila navyo ni programu kama programu nyingine: F5 walipata tundu kubwa kwenye ukurasa wa usimamizi Julai 2020, NetScaler wakapata ile iliyoitwa CitrixBleed Oktoba 2023, na HAProxy nayo ilipata lake Septemba 2021. Hakuna asiye na matundu. Swali ni je, unaweza kuweka apdeti siku ileile bila kuuliza kwanza kama leseni bado iko hai? Kemp LoadMaster niliipenda kwa urahisi wake, kuna toleo la bure linaloishia megabiti 20 kwa sekunde, linatosha kujifunzia au kwa ofisi ndogo, na mtu asiyetaka kuandika konfigi kwa mkono ningemwambia aanzie hapo. Huduma za wingu za nje nazo tulizijadili, lakini wateja wetu wako hapahapa, seva zetu ziko hapahapa Dar, na ile Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika kwa wakati mmoja, nchi nzima intaneti ikayumba ila waliokuwa kwenye mitandao ya ndani waliendelea kutufikia na kukata tiketi. Baada ya hapo wazo la kupeleka mlango wetu wa mbele ng'ambo lilikufa lenyewe.

Basi tukanunua Dell PowerEdge R640 mbili za mtumba, zimekuja kupitia Dubai, kila moja ina Xeon Silver 4114 moja, RAM 64, diski mbili ndogo za SSD na pawasaplai mbili. Zote mbili pamoja na VAT ya asilimia 18 hazikufika hata sehemu ya kumi ya bei ya kisanduku kimoja kipya na leseni ya miaka mitatu.

Dada wa uhasibu alinipigia simu akaniuliza, "Kaka, umesema wewe mwenyewe moja inatosha, sasa ya pili ya nini?" Nikamuuliza, "Dada, basi likifia Chalinze saa sita usiku na abiria hamsini ndani, tunafanyaje?" Akanyamaza kidogo, akasema, "Haya, sawa, lete karatasi nisaini." Kwenye kampuni ya mabasi hilo halihitaji maelezo zaidi. Na hii ndo imani yangu kubwa katika habari nzima hii: hela ambayo watu wanaiweka kwenye kadi ya usimbaji waiweke kwenye mashine ya pili. Kisanduku chetu cha zamani kilikuwa kimoja, ghali, na miaka yote hiyo pawasaplai yake ingekufa usiku mmoja tu tungelala chini mpaka spea ifike kwa ndege.

Kwenye kununua mtumba kuna vitu vya kuangalia na nitavisema maana ndo vinauma. Chukua ile service tag (namba ya utambulisho wa mashine) uiingize kwenye tovuti ya Dell uone mashine ilitoka kiwandani lini na ikiwa na nini, ulinganishe na unachoambiwa. Angalia iDRAC (sehemu ya Dell ya kusimamia mashine ukiwa mbali) ina leseni gani, kwa sababu ukitaka kuona skrini ukiwa nyumbani unahitaji Enterprise, na kama hamna, usiku wa tatizo utapanda bodaboda kwenda kwenye raki. Mimi moja ilikuja bila, muuzaji alibadilisha baada ya kubishana siku mbili. Omba prosesa moja yenye viini vya kasi kuliko mbili zenye viini vingi, maana HAProxy tangu toleo la 2.4 ikikuta prosesa mbili kwa kawaida inajifunga kwenye moja, na pia data kuvuka kutoka prosesa hii kwenda ile kunachelewesha. Kiukweli ningekuwa na subira ningetafuta Gold 6134, ina viini 8 tu lakini inaanzia GHz 3.2 wakati Silver hii inaanzia 2.2. Kwa saizi yetu haijaniuma, ila ningeanza upya ningefanya hivyo.

Kadi ya mtandao nilichukua Intel X520 ya gigabiti 10. Jioni ya kwanza nachomeka moduli za faiba tulizokuwa nazo stoo, taa haziwaki. Nikabadilisha faiba, nikabadilisha mlango wa swichi, nikafuta ncha kwa kile kitambaa chake, wapi. Kwenye logi za kernel ndo nikakuta imeandika moduli haitambuliki: kadi hizi zinakubali moduli zilizo kwenye orodha ya Intel tu, mpaka uiambie draiva ya ixgbe allow_unsupported_sfp=1. Mstari mmoja. Taa zikawaka kijani zote mbili kwa pamoja na nikakaa chini sakafuni nikanywa maji.

Sasa programu. Tuko kwenye HAProxy 3.0, ambayo ni toleo la muda mrefu lililotoka Mei 2024 na litahudumiwa miaka mitano, juu ya Ubuntu 22.04, na programu ya keepalived inashika ile IP moja ya kuingilia, inayohama kati ya mashine mbili moja ikifa. Willy Tarreau alianza kuiandika HAProxy karibu 2001 lakini kufungua TLS yenyewe ilianza toleo la 1.5 mwaka 2014, kabla ya hapo watu walikuwa wanaweka programu nyingine mbele yake. Nataja hivyo kwa sababu bado nakutana na wazee wa kazi wanaosema HAProxy haiwezi SSL, ni habari ya zamani sana hiyo.

Kitu ambacho kimebadilisha maisha yetu wala si usimbaji. Ni foleni. Kila seva ya nyuma nimeiwekea maxconn 150, maana yake ikishika maombi 150 kwa wakati mmoja, la 151 haliendi kuisumbua, linasubiri kwa HAProxy mpaka nafasi ipatikane, na likisubiri zaidi ya sekunde 20 ndo linaambiwa samahani. Kisanduku cha zamani jinsi tulivyokuwa tumekipanga kilikuwa kinasukuma kila kitu nyuma, maombi mia tisa yanaingia kwa pamoja, hifadhidata inakabwa, kila mtu anapata ukurasa mweupe, anabonyeza tena, yanakuwa elfu mbili. Ni kama kuruhusu stendi nzima iingie mlango wa basi kwa pamoja, hakuna atakayekaa. Disemba hii jioni ya tarehe 20 nilikuwa naangalia ukurasa wa takwimu, safu ya foleni inapanda, 30, 80, 140, inashuka 60, inapanda tena, na seva zote nne kijani, hakuna iliyoanguka, watu wanasubiri sekunde tatu nne wanapata siti zao. Prosesa ya HAProxy muda huohuo ilikuwa haijafika asilimia 15, na hiyo ni pamoja na usimbaji wote. Nilipiga picha ya skrini nikamtumia bosi bila maneno.

Cha pili ni namna ya kupima kama seva iko hai. Zamani tulikuwa tunapima kama mlango umefunguka basi, kwahiyo programu imeganda haiongei na hifadhidata ila mlango uko wazi, na wateja wanaendelea kupelekwa kule kupotea. Sasa tunaita ukurasa mdogo unaouliza swali moja hifadhidatani. Ila hapa kuna mtego na mimi niliuona kwenye majaribio: hifadhidata ikikohoa sekunde kumi, seva zote nne zinahesabika zimekufa kwa mpigo mmoja na HAProxy haina pa kupeleka mtu. Nikaweka seva ya akiba yenye ukurasa wa kawaida tu unaomwambia mteja asubiri kidogo na namba ya simu ya kukatia tiketi, na nikataka vipimo vitatu vishindwe mfululizo kabla seva haijatolewa.

Vyeti tumeweka viwili pamoja, ECDSA na RSA, simu ya kisasa inapewa ECDSA na ya zamani inapewa RSA, HAProxy inachagua yenyewe. Simu za wateja wetu si zote mpya, nilipoangalia logi bado kuna Android 5 na 6 barabarani, zinaongea TLS 1.2 bila shida, kwahiyo 1.2 ndo ya chini kabisa tunayokubali. Chini ya hapo, TLS 1.0 na 1.1, vilishastaafishwa rasmi Machi 2021 na sikuona sababu ya kuvibakiza.

Jaribio la kuanguka tulilifanya saa nane usiku, mimi na kijana wetu wa mtandao. Kuzima keepalived kistaarabu kulikuwa hakuna hata la kuhadithia, mashine inaaga, mwenzake anashika papo hapo. Tukasema tung'oe waya za umeme kabisa, zote mbili. Pingi (ujumbe mdogo wa kupima kama mashine inajibu) zikapotea tatu, ya nne ikarudi kutoka mashine ya pili, ndo inavyotakiwa maana msaidizi anasubiri kama sekunde tatu asikie kimya ndo achukue. Kijana akashangilia, lakini kwenye simu yangu tovuti haifunguki. Dakika moja, mbili, hola. Fayawoli iliyo mbele ilikuwa imeng'ang'ania anwani ya kadi ya mashine iliyokufa na lile tangazo la kwanza la keepalived haikulipokea, kwahiyo inaendelea kutuma vifurushi kwa marehemu. Dawa ilikuwa garp_master_refresh, mashine iliyoshika IP inarudia kujitangaza kila baada ya muda, sisi tumeweka sekunde 10. Tukang'oa tena mara nne, kila mara ndani ya sekunde kumi na kidogo mbaya kabisa simu inafungua. Kama usiku ule tungetosheka na pingi tu kutoka ndani, tungeenda nalo hilo mpaka Disemba. Pima ukiwa nje, kwa simu, kwa data ya laini ya simu, kama mteja.

Mapungufu yapo na sitayaficha. Hakuna mtu wa kumpigia. Likitokea jambo saa tisa usiku ni wewe na logi zako, na kama ofisini ni mtu mmoja tu anayeelewa konfigi, basi ofisi imebadilisha utegemezi wa leseni kwa utegemezi wa mtu, na hilo linanisumbua kweli, ndo maana nimeandika kila mstari una maelezo kwa Kiswahili na kijana anafanya mabadiliko yeye, mimi nakaa pembeni. Fayawoli ya programu haimo ndani namna ile visanduku vikubwa vinavyo, ukiitaka unaiongeza na kuitunza mwenyewe. Na OpenSSL 3.0, maktaba ya usimbaji iliyomo ndani ya Ubuntu hiyo, inajulikana kushuka kasi viini vikiwa vingi vinafanya kazi pamoja, sisi kwa viini 10 na trafiki yetu haitugusi, ila mwenye mashine ya viini 64 akitegemea namba zipande sawasawa na viini atashangaa, atahitaji kukompaili na maktaba nyingine. Kama wewe ni benki, au una mkaguzi anayetaka karatasi ya kampuni fulani ukutani, au huna mtu wa Linux kabisa, nunua kisanduku chenye sapoti, utalala.

Kilichobaki kwetu ni vyeti kujibadilisha vyenyewe. Vya bure vya Let's Encrypt vinaishi siku 90, na hata vya kununua vinafupishwa, kuanzia 15 Machi 2026 mwisho siku 200, 2027 siku 100, na 15 Machi 2029 siku 47 tu. Kwa sasa mashine ya kwanza inachukua cheti, inamkopia mwenzake, halafu zote zinapakia upya bila kukata mteja aliye katikati ya malipo. Imeshafanya hivyo mara mbili ikiwa peke yake. Mara ya tatu ni mwezi ujao, na nimemwambia kijana siku hiyo achukue likizo yake kama kawaida.